Propela Iliyolazwa

Keza mjukuu wangu,

Huku Niboye tumeamka salama. Shangazi yako wa Kimironko bado anagombana na fundi wake wa cherehani, kwa hiyo ujue afya yake ni nzuri.

Unauliza kwa nini propela ya kindege chako cha kuchezea inavunjika kila kikitua. Swali hilo alishalijibu bibi yako, Dativa, kabla hajawa bibi wa mtu.

Tulikuwa shuleni Bukoba, na kindege chetu hakikuwa na magurudumu. Propela ilibaki moja tu. Ikivunjika, mchezo umekwisha. Sisi wavulana tulizoea kuifunga imesimama wima, maana ilipendeza. Dativa akaifungua, akaizungusha injini taratibu kwa mkono mpaka akasikia pistoni inagoma, pale inapokuwa ngumu kusukumwa. Hapo ndipo akailaza propela sambamba na mabawa, akakaza nati.

"Wewe, mbona umeilaza kama mgonjwa?" nikamuuliza.

"Nyinyi mnawaza kupaa. Mimi nawaza kutua."

Kikapaa, tukapiga kelele. Yeye alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mwisho wa uwanja. Mafuta yalipoisha, injini ilizimika pale pale pistoni inapogoma, propela ikabaki imelala bila kugusa chini, na kindege kikateleza kwa tumbo juu ya nyasi. Dativa akakiokota, akapitisha kidole kwenye propela. Nzima.

"Leteni mafuta mengine," akasema.

Mimi ndiye niliyekimbia kuyaleta. Mpaka leo ananituma, nami bado nakimbia, ila kwa mwendo wa umri wangu.

Babu yako