Ukanda wa Kukamulia

Robi mwanangu,

Nimempeleka mdogo wako Nelson kliniki Mugumu, tutarudi jioni. Ugali uko kwenye hotpoti. Kile kitoto chako cha mbwa, Bosi, nimekifunga nyuma ya jiko. ~~Kiache hapo mpaka nirudi.~~ Kifungulie.

Anaota meno, lazima atafune kitu. Mfupa wa jana usimpe, ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Magunzi nayo hapana, yatamkwama tumboni. Nimefunga fundo kitambaa kinene, nikakiloweka kwenye maji ya mtungi kipate ubaridi. Akikung'ata vidole mpe hicho, na ukae naye. Akianza kunyofoa nyuzi, mnyang'anye.

Asubuhi nilikuwa na hasira. Ng'ombe nimeshamfunga miguu, ndoo inakaribia kujaa, Bosi akaja kuuvuta ule ukanda wa ngozi niliomfungia, ukafunguka. Ng'ombe akarusha teke, maziwa yote chini. Nikamchapa Bosi, nikakwambia umrudishe kwa shangazi yako Nyarero tulikomtoa. Ukaenda shule bila chai.

Sasa naandika ndipo nakumbuka: Jumapili ni mimi niliyempa kipande cha ukanda wa zamani atafune, aniache nipike. Ngozi ni ile ile, harufu ile ile. Angejuaje?

Halafu huyu Nelson na vijino vyake viwili. Leo alfajiri kaning'ata ziwa mpaka nikapiga kelele. Yeye nilimbusu.

Bosi haendi popote.

Mama