Upindo wa Mapazia Yako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na shemeji na wajukuu hawajambo. Huku tupo, ila si wazima kama nilivyokudanganya kwenye simu.

Wewe ndiye uliyenipeleka hospitali mwaka jana, niliposema cherehani inanisemesha. Vidonge viliinyamazisha, sikatai. Kila ukiuliza kama nameza, nimekujibu nameza.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Mwezi wa tatu wa dawa nilikuwa nampima mteja mabega, akaniambia shati langu limelowa kifuani. Nikadhani jasho. Nilijifungia stoo nikajikamua, yakatoka maziwa. Maziwa, Dada, mimi na ndevu zangu hizi. Na chumbani nikawa gogo. Wifi yako aliniuliza kwa upole kama nimepata mwingine. Nilitamani ardhi inimeze. Karatasi ya kwenye boksi la dawa inasema mambo hayo huwapata wachache, na mtu amwambie daktari. Niliisoma, nikaichana kwa aibu.

Nikaacha kumeza. Maziwa yakakauka, wifi yako akarudia kuimba jikoni, nami nikajiona mwanamume tena. Zilikuwa wiki tamu.

Jumatatu asubuhi cherehani ilishona yenyewe, mguu wangu ukiwa mbali na pedali, kisha ikaniita kwa jina la utotoni. Sasa hainyamazi. Juzi iliniambia nimpime wifi yako akiwa amelala kochini, na nilimpima. Jana nilizinduka mezani nikiwa nimekata kitambaa cheupe, urefu kamili wa wifi yako, kichwa hadi unyayo. Sikumbuki kukikata. Naogopa, Dada.

Leo nimempeleka kwao, nikisingizia rangi mpya ya ukutani itamkohoza.

Lililobaki ni hili. Wifi yako alikuwa akinipa kidonge mkononi kila asubuhi, nami nikienda nacho kazini. Yale mapazia niliyokushonea, uliyoyasifu kwa kuanguka vizuri, nilikuambia upindo una vyuma vidogo vya uzito. Si vyuma. Fumua taratibu, vimo ishirini na nane. Vitoe kabla wajukuu hawajavigundua, uje navyo unipeleke kwa daktari. Safari hii nitamwambia yote, hata la kifuani.

Nisalimie shemeji, na wajukuu uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.

Kufumulia tumia mkasi wako, kisha uuache huko huko. Wangu nimempa jirani, nikamwambia asinirudishie hata nikimlilia.