Anabanwa Mbio Zikiisha

Jumatatu, 17 Julai 1995
Nimepura maharage. Malori ya chakula cha wakimbizi yamepita tangu asubuhi, vumbi hadi ndani ya sufuria. Mwanangu Paskazia karudi kutoka shule na alama za fimbo miguuni. Yuko darasa la nne, na kosa lake eti ni uvivu. Mwalimu wa zamu anasema kwenye mchakamchaka anakimbia na kuimba kama wenzake, ila fagio zikigawiwa tu anaanza kukohoa na kushika kifua. Kwa hiyo eti anajifanya. Baba yake naye kasema mtoto anadeka.  Wameniudhi wote wawili.

Jumatano, 19 Julai
Nimeenda kujionea. Nimesimama nje ya ua wa shule. Mtoto alikimbia vizuri, tena mbele. Wakasimama, fagio zikatoka. Muda si mrefu akainama. Kikohozi kikavu. Mabega juu, chini. Shingo inabonyea kila akivuta pumzi. Nani anaweza kuigiza shingo? Mwalimu akamwongezea sehemu ya kufagia. Nikamfuata. Akaniambia mgonjwa wa kweli asingeweza kukimbia vile. Nimerudi na hasira.

Ijumaa, 21 Julai
Leo walimu wamemrusha kichurachura baada ya mchakamchaka, ili aache maigizo. Wenzake wamemleta nyumbani wamemshika huku na huku. Midomo imepauka. Hawezi kumaliza neno. Nimembeba mgongoni hadi zahanati ya kambi ya wakimbizi, maana wenyeji nasi tunatibiwa pale. Wakampa dawa ya kuvuta. Akapumua. Nikalia mbele za watu, sikujali.

Daktari aliuliza huwa anabanwa saa ngapi. Nikasema akishasimama. Akasema ni pumu, na mbio ndizo zinaiamsha. Wengi hubanwa dakika chache baada ya kusimama, na vumbi linazidisha. Hakumkataza kukimbia. Avute dawa kwanza, aanze polepole, kifua kikibana aache.

Angeweza kufa. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Jumatatu, 24 Julai
Nimefika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu kaniamkia shikamoo. Sikuitikia. Maisha yangu yote sijawahi kumnyima mtu marahaba, leo nimemnyima.

Nikamwambia, "Mwalimu, mwanangu hakohoi kwa sababu ya ufagio. Anakohoa kwa sababu mbio zimekwisha. Wewe ndiye uliyeweka ufagio hapo."

Akasema watoto ni wengi, hawezi kuangalia kifua cha kila mmoja. Nikamwambia mbona fimbo inamfikia kila mmoja.

 Nikamwonyesha dawa na namna ya kuvuta. Alitazama, nadhani alielewa. Sitaki kumhurumia bado.

Alhamisi, 27 Julai
Paskazia kavuta dawa asubuhi, kakimbia. Katikati kifua kilianza kubana, akatoka mstarini, akakaa. Hakuchapwa. Hakupewa ufagio. Baba yake kaniuliza mara mbili kama mtoto kala.

Jioni tukiwa tunachambua maharage, Paskazia kaniambia yupo mwenzake, Yusta, naye hukohoa hivyohivyo mbio zikiisha. Leo kachapwa kwa uvivu.

Nimemwuliza kwao ni wapi. Kasema ng'ambo ya barabara ya malori. Kesho nitaenda.