Gari Limekimbia na Baba Zuhura Mwenyewe

Jumamosi usiku

Wiki nzima nimeambiwa nina mguu mzito. Kila nikimwambia mume wangu kwamba gari letu linavuta lenyewe, ananijibu, "Mama Zuhura, unakanyaga sana mafuta." Gari ni la zamani, limebeba watoto wetu wote tangu wachanga, na yeye hataki lisemwe vibaya.

Leo ameendesha mwenyewe. Tulikuwa Mtaa wa Msimbazi, mimi pembeni yake, watoto nyuma. Akaachia breki tusogee na foleni, injini ikanguruma, gari likachomoka. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anavuka na beseni la ndizi kichwani.

"Sijakanyaga!" mume wangu akapiga kelele.

"Toa gia! Weka N!" nikamwambia.

Akaweka, akakandamiza breki kwa nguvu zote. Tukasimama karibu kabisa na yule mama. Akatutazama, kisha akasema, "We baba, haraka ya wapi Kariakoo hii?"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka.

Fundi wa Ilala amesema waya wa mafuta umechakaa, unakwama. Gari tumemwachia. Ila naogopa, kwa kweli. Hata likipona, kuwapakia tena watoto humo...

Sasa hivi Baba Zuhura yuko sebuleni, anaongea na mama yake kwenye simu. "Mama, mkweo alinionya wiki nzima, nikambishia. Leo yeye ndiye ametuokoa."

Nimezima feni ili nisikie vizuri.