Fahamu za Mama

Dada Saumu mpenzi,

Tumeamka salama hapa Mombasa, ila joto halituhurumii. Jana Mama alitiwa goti jipya, na nusura akatae. Dokta wa ganzi, binti wa Kigiriama mwenye sauti ya upole, alimwambia atamdunga dawa kando ya mshipa wa fahamu pajani, ili maumivu ya upasuaji yasipande. Mama akajifunga leso upya. "Mwanangu, mguu nimekupa. Fahamu zangu niachie, ndizo nilizobakiwa nazo."

Dokta hakucheka. Aliketi kando yake, akampitishia kidole pajani. "Mamangu, mshipa huu ni wa goti tu. Wa kichwani siugusi."

Unakumbuka goti la kwanza alivyolia siku mbili? Leo asubuhi nimemkuta ameegemea mto, anakula mkate wa mofa. "Goti limelala," akaniambia, "mwenyewe ni macho." Ganzi itamtoka kesho, na vidonge vya maumivu ameshaanzishwa mapema. Mkono wa yule binti nauombea dua.

Wabusu wanao. Na fahamu za Mama zi timamu: anauliza kikaango chake cha kupikia vibibi, ulichoazima Idi iliyopita, utakirudisha lini.

Nduguyo,
Mwanaidi