Mabano Niliyokosea

Mugonile, Tata. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba, na kifua cha Mama kimetulia na baridi hiyo ya Masukulu. Mimi mwili ni mzima. Huku Uholanzi jua halijaonekana wiki ya tatu. Nakula mkate na viazi, naenda chuoni, narudi. Mengine si mazima, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatisha uniambie pole mwanangu, nami ningeipokea. Siistahili.

Ile orodha ya mashamba yenye mnyauko wa migomba niliitengeneza mimi. Hilo unalijua, ulilitangaza mpaka kanisani. Usichojua ni namna nilivyoyasoma hayo majibu.

Vipande vya migomba vilivyochukuliwa huko vilipimwa maabara, kisha majibu nikaletewa niyapange kwa kompyuta. Lugha ninayoitumia ni ya mahesabu, na ndani yake unaweza kupanga safu ya visanduku. Kila shamba nililipa kisanduku chake. Likiwa na mgomba mgonjwa, ndani kunaandikwa ni mgomba upi. Likiwa zima, ndani hamna kitu. Kazi yangu ilikuwa kuiuliza kompyuta, kisanduku kimoja kimoja: ni tupu au si tupu?

Sasa kuna namna mbili za kuuliza. Ukiweka namba ya shamba kwenye mabano ya duara, inakupa kisanduku chenyewe, kimefungwa hivyo hivyo. Ukiiweka kwenye yale mabano mengine, yenye kiuno katikati, inakifungua na kukupa kilichomo. Mimi nilitumia ya duara. Nikauliza kama ni tupu, ikanijibu si tupu, maana nilikuwa nimeshika kisanduku, na kisanduku ni kitu. Ni kama mtu anauliza kama kuna chakula, wewe unamjibu sufuria ipo. Kompyuta haikulalamika hata kidogo.

Kwa hiyo kila shamba lililopimwa likatoka mgonjwa. Sikushtuka, kwa kuwa yalipimwa yale yaliyotiliwa shaka tu. Nikajiona hodari, nikatuma.

Wiki iliyopita mama mmoja wa maabara aliniuliza, "Mbona kwenu hakuna hata shamba moja lililopona? Mimi nakumbuka majibu mengi yalikuwa safi." Nikaifungua ile programu, nikabadilisha mabano. Kazi ya dakika moja, Tata. Mashamba yaliyobaki na ugonjwa ni mawili, yote ya kule bondeni. Lako halimo. La Mzee Ambakisye halimo.

Nikakumbuka Mama alivyonisimulia siku ile mlipoamriwa kukata migomba ya wote walioandikwa: kwamba wewe, kwa kuwa ni balozi wa nyumba kumi, ulianza kukata migomba yako mwenyewe, hata ile iliyozunguka nyumba aliyoipanda Bibi, ili watu wasiseme unajipendelea. Kisha mkaenda kwa jirani yetu, Mzee Ambakisye, akasimama mlangoni mwa shamba lake.

"Mwe balozi," alisema, "migomba yangu imekosa nini? Nioneshe huo ugonjwa wenyewe uko wapi."

Ukamjibu, "Umeandikwa. Mwanangu hawezi kukosea."

Mkamkatia yote. Tangu hapo hamsalimiani, na Shangazi alipofariki hakuja msibani, yeye ambaye kwenye misiba yetu yote alikuwa wa kwanza kufika. Tulimsema sana. Nami nilimsema, nikiwa huku.

Mama sasa ananunua ndizi sokoni Tukuyu. Aliniambia huku akicheka kwamba wenzake wanamtania, Mnyakyusa gani huyu ananunua matoke. Namjua Mama anavyocheka akiumia. Naona aibu, Tata.

Msimamizi wangu anasema ni kosa la kawaida kwa wanaoanza, tutalirekebisha kwenye ripoti ijayo, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Nikamuuliza nani atayasoma hayo maandishi Masukulu. Akaendelea na chai yake.

Nakujua wewe pia. Ukimaliza kusoma hapa utaikunja barua, utaiweka ndani ya Biblia, na hutamwambia mtu, ili jina langu lisichafuke. Utaendelea kubeba lawama ya watu na kununiwa na Mzee Ambakisye mpaka mmoja wenu azikwe. Mimi sitaki kulindwa hivyo.

Nisalimie Mama, umwambie asinitumie chochote mwaka huu. Nisalimie dada yangu wa Igogwe, aache kuwatambia wauguzi wenzake kwamba mdogo wake ni msomi. Na mjomba aliyeshika panga siku ile, mwambie hakukosea yeye, alifuata karatasi yangu.

Mzee Ambakisye hajui kusoma, kwa hiyo nimemwandikia kupitia kwa mchungaji, amsomee mbele ya mkewe. Nimeeleza kila kitu, mabano na yote, na kwamba kosa ni langu, si la balozi. Barua hiyo niliitanguliza siku nne kabla ya hii. Unaposoma mstari huu, Tata, yeye ameshajua. Usimsubiri aje. Nenda wewe.

Mimi niliyewakatia migomba,
mwanao Atupele