Chumba Nilichokipaka Udongo Mweupe

Rujewa,
Jumapili mchana, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi, mama Lugano,

Ugonile, umelala salama? Naomba barua hii ikukute umekaa chini, umepumzika, maana ni ndefu. Kikohozi cha Lugano kimekwisha? Na mama, goti lake linamruhusu kufika kanisani, au bado anasali nyumbani? Huku mvua tumeisahau, vumbi ndilo tunalolila. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na barua hii nakuomba uisome mwenyewe. Usimpe kaka yako aisome kwa sauti mbele ya watu.

Barua iliyopita nilikudanganya. Nilikuandikia kwamba chumba kinakungoja, kizuri, na kwamba mavuno yakiisha upande basi uje. Siku ile naandika, chumba kilikuwa kimeshaharibiwa, na mimi niliona aibu kukuambia. Sasa nakueleza yote.

Chumba nilichopewa na kinu hiki cha mpunga hujakijua kilivyokuwa mwanzo. Kabla yangu walilala humo vibarua wa msimu. Kuta zilijaa michirizi myeusi, na kila mchirizi ni kunguni aliyepondwa kwa kidole gumba. Nyuma ya mlango walikuwa wakikojoa siku za mvua kwa uvivu wa kutoka nje, hata sakafu pale ilikuwa inanata kwenye nyayo. Dirisha halikuwapo. Ukifunga mlango saa sita mchana, huoni kiganja chako. Nilikuwa nawasha kibatari, nacho kilitoa moshi mpaka asubuhi nikitema mate yanatoka meusi. Nikasema, mke wangu haingii humu.

Nilianza kukwangua kuta kwa jembe bovu. Wenzangu wa kinuni walicheka, wakaniita bibi harusi. Aliyenisaidia ni Masanja, Msukuma mmoja aliyehamia huku bondeni na ng'ombe wake. Alinipa samadi ya kuchanganya na majivu nikandike upya, kisha akanipeleka ukingoni mwa mto kwenye udongo mweupe. "Wewe Mnyakyusa," akasema, "nyumba hii unaipaka au unaioa?" Nikamwambia kwetu hata banda la ndama hupakwa. Nilipaka mara tatu. Chini nikazungushia mstari wa udongo mwekundu, kama ule mama yako anaouchora kila mwaka kabla ya Krismasi.

Kwa mwanga, nilikwenda kwenye kilabu cha pombe nikaomba chupa zilizovunjika midomo, ambazo hazirudishwi kiwandani. Walinipa bure. Nikatoboa ukuta wa upande wa mashariki, nikazipanga chupa humo zimelala, matako nje na midomo ndani, nikazishika kwa udongo. Mama Lugano, jua likichomoza, chumba kilikuwa kinapata rangi ya kijani na ya asali! Na jioni, nilikata debe, nikalisugua kwa majivu hadi likang'aa, nikalisimamisha nyuma ya taa ya chemli. Taa moja ikawa kama mbili. Juu ya sanduku nikatandika kile kitambaa chako ulichotarizi ndege wawili. Wale waliocheka wakaanza kuja mmoja mmoja kuchungulia mlangoni, na mimi nilijisikia mtu.

Basi, nikatumwa Mbeya kufuata mkanda wa mashine. Nilikaa siku tatu, maana mkanda wenyewe ulikuwa haujafika na treni. Nikapata na kikopo cha rangi ya bluu, nikasema hiki ni cha mlango. Ufunguo wa pili hukaa kwa mnyapara wetu, anaitwa Kasiani, ndiyo desturi ya hapa.

Nilirudi alasiri. Kabla sijafungua mlango nilisikia nzi.

Walichinja mbuzi humo ndani. Si uani, humo ndani. Damu ilikuwa imeganda kwenye sakafu niliyoikandika kwa mikono yangu, na mavi ya tumbo la mbuzi yalikuwa yamemwagwa kwenye karai langu la udongo mweupe. Ukutani kulikuwa na viganja vya mafuta, viganja vizima na vidole vyake vitano, kuanzia mlangoni mpaka kitandani, kama watu walikuwa wanapapasa wakiufuata ukuta. Mtu alitapika juu ya mkeka. Mwingine alikojoa nyuma ya mlango, palepale pa zamani. Vipande vya sigara walivisokomeza kwenye midomo ya chupa. Juu ya sanduku niliona furushi. Nikadhani ni shati langu, nikalifungua. Ni kitambaa chako, mke wangu, walikifungia matumbo ya mbuzi wakayasahau, na kwa joto la siku zile yalikuwa na mabuu. Yakaanguka kwenye miguu yangu. Nilitoka nje nikatapika hadi nikabaki natoa maji matupu.

Kitambaa nilikiloweka kwa majivu na malimau, maana sabuni haionekani madukani. Harufu ilikataa kutoka. Nilikichoma moto. Nisamehe sana. Najua ulikifanya ukiwa na mimba ya Lugano.

Nikamwendea Kasiani. Alikuwa amekaa kwenye magunia akichokoa meno.

"Bwana Kasiani, nani aliingia chumbani kwangu?"

"Kwako?" akasema. "Chumba ni cha kinu. Nilipata wageni, ndugu zangu. Ulitaka niwakalishe wapi, kwenye mashimo yale ya wenzako? Kwako kuna mwanga. Wewe mwenyewe ndiye uliyekipendezesha."

"Mmekojoa ndani."

"Mlevi anajua mlango uko wapi?" Akacheka, na watu wakacheka naye.

"Na kitambaa cha mke wangu?"

"Mwambie ashone kingine. Wanawake wa kwenu si mafundi?"

Niliona kazi yangu ya mashine ikipotea, nikakuona wewe na mtoto, nikarudi chumbani kukwangua damu. Siku ya nne yeye mwenyewe akaniita, mpole kabisa. Wakubwa wanakuja kutoka Iringa kutazama kinu na watakula chakula nyumbani kwake. Akataka nimpakie nyumba yake, udongo uleule, chupa zilezile, na lile debe niliweke sebuleni.

Hapa ndipo ninapojichukia mimi mwenyewe kuliko ninavyomchukia yeye. Nilikwenda. Nilibeba karai lile nililolisugua kwa mchanga, nikaenda nyumbani kwa mtu yule, nikapiga magoti, nikaanza kupaka ukuta wake. Yeye alikuwa anakula wali na kambale, anatema miiba sakafuni karibu na goti langu, ananielekeza kwa kidole cha mguu: pale, pale juu, umeacha pale. Nilikuwa najibu ndiyo bwana. Ulimi wangu ulikuwa unasema ndiyo bwana, na mimi nasikia harufu ya matumbo yale puani.

Nikamaliza ukuta mmoja. Ulikuwa bado unatoa maji. Kasiani akamaliza kula, akanyoosha mkono, akapangusa vidole vyake kwenye ukuta ule huku akinitazama.

"Ongeza hapo," akasema.

Nikaweka tambara la kupakia udongo ndani ya karai. "Bwana Kasiani," nikasema, "ongeza mwenyewe." Nikatoka. Sikukimbia, lakini sikugeuka nyuma.

Asubuhi niliondolewa kwenye mashine. Sasa nazoa pumba nje ya kinu, zile pumba zinawasha shingo na macho, na ukirudi jioni hata mate yana makapi. Chumba alipewa binamu yake. Nasikia ameziba zile chupa zote kwa udongo, kwa sababu mwanga unamwamsha mapema na kichwa kinamuuma kwa pombe. Watu wa namna hii, mama Lugano, sijui nikuambie nini. Nikimwona Kasiani anakula, nageuza uso.

Masanja aliposikia hakuuliza mengi. Alikuja na mkokoteni wake, akapakia sanduku langu na kitanda. "Nyuma ya zizi pana nafasi," akasema, "kama pua yako haiogopi ng'ombe." Nimejenga hapo chumba kimoja cha miti na udongo. Safari hii nimeweka dirisha tangu mwanzo, kubwa, linatazama magharibi. Kuta bado ni nyeusi, sijapaka kitu. Mkono wangu umekataa. Mke wa Masanja, mama Kulwa, kila siku ananiuliza, "Mwenzio anakuja lini?" Namjibu, bado hajasema.

Mpe mama salamu zangu, mwambie goti alikande kwa maji ya chumvi. Nisalimie kaka yako, mwambie mbegu za vitunguu nitampa dereva wa basi. Nisalimie shangazi Tumpe wa sokoni, na mwinjilisti wetu, aniombee hasira ipungue. Lugano umbebe mgongoni siku nzima kwa niaba yangu.

Sasa nijibu, na uandike kwa mkono wako. Ukiona bora ubaki huko mpaka nipate mahali pa maana, sitakulaumu. Huku kuna nzi, kuna zizi, na mumeo anazoa pumba. Miezi yote ile nilikuwa nataka uje uone chumba. Sasa nataka uje tu.

Ni mimi mumeo, nisiyekuficha kitu tena,

Ambakisye